Mwanamke Asiye na Kitambulisho ni wa Chama Gani?



Imepita miaka zaidi ya 30 tangu kifungu cha 2A kiondolewe katika Katiba ya Kenya, Desemba 1991, na nchi yetu ikarejea katika mfumo wa vyama vingi. Wengi waliliombea jambo hilo, wengine waliliandamania, na wapo waliopigwa marungu na kutiwa ndani kwa ajili yake. Tangu siku hizo tumehesabu mambo mengi. Tumehesabu vyama, tumehesabu viti, tumehesabu kura zilizopigwa na zilizoibwa. Lakini iko hesabu moja ambayo sisi wanamageuzi hatujaifanya vyema, nayo ni hesabu ya wanawake ambao mageuzi hayajawafikia kwa sababu hawamo katika daftari lolote la Serikali.

Wanawake hao si watu wa mbali. Twapanda nao feri Likoni, twanunua samaki na mboga kwao Kisauni, na twaishi nao nyumba za kupanga Changamwe. Wengi wao ni wa jamii ndogo, ambazo majina yake hayasikiki katika mikutano ya kisiasa ila siku za kuomba kura, na pengine hata siku hizo hayasikiki, kwa kuwa asiye na kadi ya kura haombwi kitu.

Twataka kusema jambo moja, tena bila kuzunguka. Haki ya mwanamke wa jamii ndogo huanza na kitambulisho chake, na kitambulisho chake huanza na neno la mama yake kuaminiwa. Mpaka jambo hilo litendeke, maneno yote kuhusu viti vya wanawake yatakuwa ni maneno ya walio ndani ya nyumba, ilhali wenzao wangali wamesimama nje.

WACHACHE NI NANI?

Kwanza twaulizana: nani ndiye mchache? Jibu si rahisi kama wanavyodhani wengi, maana uchache hutegemea mahali ulipo. Mwanamke wa Kidigo wa Mtongwe yu nyumbani kwao, lakini katika hesabu ya taifa jamii yake ni ndogo. Mwanamke Mluo au Mkamba wa Timbwani ni wa jamii kubwa katika taifa, lakini Likoni aweza kujikuta mchache usiku mmoja.

Hayo si mawazo matupu. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, washambuliaji walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, kisha wakawaandama watu wa bara, wakachoma nyumba na vibanda vyao. Maelfu walikimbia makwao, na wengi walipata hifadhi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Msako wa vyombo vya usalama uliofuata nao uliwaumiza wenyeji wasio na hatia, wanawake wakiwa miongoni mwao. Desemba ya mwaka huo kura ilipigwa. Aliyechomewa nyumba alichomewa na kitambulisho na kadi ya kura pia. Aliyehamishwa alikuwa mbali na kituo alikojiandikishia. Hivyo ndivyo wanawake wa pande zote mbili za ugomvi, ambao hawakuupanga wala hawakushauriwa, walivyopoteza sauti kwa pamoja.

Na ukivuka upande wa Kisauni, uko Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kengele iliyowekwa huko ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Watu wale waliletwa kutoka pande nyingi: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo. Wazao wao ni watu wa Mombasa kwa vizazi vingi. Lakini mwulize mmoja wao kabila lake ni lipi katika orodha ya makabila, utaona jinsi orodha hiyo isivyotengenezwa kwa ajili yake. Mama wa bibi yake aliletwa na jahazi. Hakuletwa na ukoo.

Basi tukisema jamii za wachache, hatuzungumzi juu ya watu wa ajabu walioko msituni. Twazungumza juu ya majirani.

KIPANDE KILIKUWA CHA WANAUME

Liko jambo katika historia ya nchi yetu ambalo lastahili kusomwa polepole. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaandikisha Waafrika na kuwavisha kipande shingoni, kuanzia mwaka 1920, iliwaandikisha wanaume peke yao, kwa kuwa ilitaka kujua wafanyakazi wa mashambani wako wapi. Mwaka 1947 sheria ilipanuliwa ikawahusu wanaume wa rangi zote waliotimiza miaka 16. Wanawake hawakuandikishwa. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, wanawake bado hawakuandikishwa. Ni mwaka 1978 tu ndipo sheria ilipobadilishwa ili mwanamke naye aandikishwe na kupewa kitambulisho kwa jina lake mwenyewe.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Kwa miaka 15 ya kwanza ya uhuru, mwanamke wa Kenya hakuwa na kitambulisho cha taifa. Kisha, katika miaka iliyofuata, binti wa jamii fulani za Pwani, za kaskazini, na Wanubi, alipokwenda kuomba kitambulisho chake aliambiwa apite mbele ya kamati ya uchunguzi, na mara nyingi aliambiwa alete karatasi za wazazi wake na hata za babu na bibi. Karatasi gani za bibi? Serikali haikumpa bibi karatasi yoyote. Kumdai mjukuu hati ambayo dola lenyewe halikuitoa ni sawa na kumfunga mtu mikono kisha kumlaumu kwamba haogelei.

Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliyachunguza mambo ya vitambulisho na kutoa ripoti mwaka 2007, ikaonyesha kwamba Wakenya wa jamii fulani hupitishwa katika njia ndefu ambayo wenzao hawaijui. Mwezi Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilizivunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia tangu kuzaliwa. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kuufuta uchunguzi huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani. Twalipokea tangazo hilo kwa shukrani. Lakini sisi tulioishi chini ya matamko ya marais tangu enzi ya chama kimoja twajua kwamba lililotolewa kwa kinywa laweza kuondolewa kwa kinywa. Haki ikae katika sheria.

WAMAKONDE NA WAPEMBA WALITUFUNDISHA NINI

Anayevuka Likoni na kushika njia ya kusini huingia Kwale, na huko ndiko waliko Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Walizaa, wakazika, wakajenga. Walilipa kodi. Lakini kwa miaka 50 na zaidi baada ya uhuru hawakuhesabiwa kuwa raia. Oktoba 2016 waliamua kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi kuonana na Rais. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi kwa kucheleweshwa huko, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wapemba nao, waliofika kutoka kisiwa cha Pemba kwa nyakati mbalimbali, wengine kabla ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na wengine baadaye, waliishi katika fuo za Kwale, Kilifi na Mombasa wakivua samaki bila karatasi. Ilipofika mwaka 2023 ndipo Serikali ilipowatambua kwa tangazo rasmi kuwa jamii ya Kenya.

Tuyatazame maisha ya mwanamke katika jamii hizo kabla ya kutambuliwa. Mume aweza kwenda baharini usiku, akauza samaki ufuoni, akala. Mwanamke ndiye hukutana na Serikali kila siku. Ndiye apelekaye mtoto kliniki na kuulizwa kitambulisho. Ndiye aendaye shuleni na kuambiwa mtoto hawezi kuandikishwa mtihani bila cheti cha kuzaliwa. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hivyo fedha zake za M-Pesa zimo mikononi mwa huyo mwingine. Hawezi kuingia katika chama cha kuweka na kukopa kwa jina lake. Akipigwa nyumbani, huogopa kwenda kituoni kushtaki, maana swali la kwanza laweza kuwa juu ya uraia wake, na si juu ya jeraha lake. Kwa mwanamume, kukosa kitambulisho ni taabu. Kwa mwanamke ni kukabidhiwa kwa mtu mwingine: kwa mume, kwa kaka, kwa mwenye duka, kwa yeyote aliye na karatasi.

Somo la pili tulilolipata ni hili. Kutambuliwa kwa jamii si sawa na kutambuliwa kwa mwanamke. Jamii inapotambuliwa, huundwa kamati za kuthibitisha nani ni nani, na mara nyingi wakaao mbele katika kamati hizo ni wazee wanaume. Mjane aliyerudi kwao, binti aliyezaa bila ndoa, mwanamke aliyeolewa na mtu wa jamii nyingine, hao huwa wa mwisho kuitwa, na wengine hawaitwi kabisa. Hivyo mlango unaofunguliwa kwa kabila waweza kufungwa tena mbele ya mama, na anayeufunga ni mtu wa nyumbani.

KATIBA IMEKWISHA KUSEMA

Wapo watakaodhani twadai kitu kipya. La. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imekwisha kusema. Ibara ya 14 yasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia, mahali popote alipozaliwa. Tukumbuke tulikotoka: chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi aliupata uraia kwa baba tu. Mke wa Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mume wa mwanamke Mkenya hakuweza. Na mpaka marekebisho ya mwaka 1997, kifungu cha 82 kilichokataza ubaguzi hakikuutaja ubaguzi wa jinsia hata kidogo. Ilikuwa halali, kwa maandishi ya Katiba, kumbagua mwanamke kwa kuwa ni mwanamke.

Ibara ya 27 ya sasa yasema wanawake na wanaume wana haki sawa. Ibara ya 56 yaiagiza Serikali iwe na mipango ya kuzihakikishia jamii za wachache na zilizotengwa nafasi ya kuwakilishwa katika utawala. Ibara ya 100 yalitaka Bunge litunge sheria ya kuendeleza uwakilishi wa wanawake, wa walemavu, wa vijana na wa jamii za wachache. Ibara ya 197 yataka mabaraza ya kaunti yaonyeshe sura mbalimbali za jamii zilizomo, na wachache walindwe. Mei 2016 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba kile kifungu cha 12 cha Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo kilichomnyima mama asiyeolewa uwezo wa kuliandika jina la baba wa mtoto katika cheti.

Maneno yako wapi tena yanayokosekana? Kinachokosekana ni ofisi kuyatii. Katiba yasema mama au baba, lakini kina mama wengi wameeleza jinsi walivyorudishwa mlangoni wakiambiwa waende wakalete kitambulisho cha baba wa mtoto. Baba amekufa, au amehama, au hataki kujulikana. Binti anakaa mwaka, anakaa miaka, na umri wa kura unampita akingoja sahihi ya mtu asiyemlea.

MLANGO WA PILI NI CHAMA

Tuseme kitambulisho kimepatikana. Je, mwanamke huyo ataingia chama gani?

Vyama vyetu viliahidi kuwa makao ya wote. Lakini tuitazame hesabu. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya chama kimoja, wanawake 6 tu ndio waliochaguliwa kuingia Bungeni. Mwaka 1997 wakapungua wakawa 4. Katiba ya 2010, katika ibara ya 81, ikasema chombo chochote cha kuchaguliwa kisizidi thuluthi mbili za jinsia moja. Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo, mpaka tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Bunge lililochaguliwa mwaka 2022 nalo liliingia bila kuitimiza kanuni hiyo.

Hatusemi kwamba hakuna kilichosogea. Likoni ilimchagua Mishi Mboko mwaka 2017, akawa mwanamke wa kwanza kuliwakilisha eneo hilo Bungeni, ikamrudisha mwaka 2022. Jirani zetu wa Kwale walimchagua Fatuma Achani mwaka 2022 kuwa gavana, wa kwanza mwanamke katika Pwani. Hayo ni ushahidi kwamba mpiga kura wa Pwani hana ugomvi na uongozi wa mwanamke.

Lakini njia ya kiti cha kuchaguliwa ni ya mwenye jamii kubwa au mfuko mkubwa, na mara nyingi yataka vyote viwili. Mwanamke wa jamii ya nyumba mia mbili hawezi kushinda wadi kwa kura za watu wake. Kwa ajili yake Katiba iliweka orodha za vyama: viti maalumu katika mabaraza ya kaunti kwa ajili ya wanawake na kwa ajili ya makundi yaliyotengwa. Kwa masikitiko twasema kwamba orodha hizo hutungwa katika vyumba vilivyofungwa, na nafasi iliyokusudiwa asiye na sauti mara nyingi hupewa mwenye jamaa chamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika kesi ya jamii ya Il Chamus ya Baringo, ilikubali kwamba jamii ndogo ina haki ya uwakilishi wake. Uamuzi huo ulitolewa hata kabla ya Katiba mpya. Vyama vyetu havina udhuru.

WANAOPINGA NA MAJIBU YETU

Wapo wasemao kwamba kulegeza masharti ya kitambulisho ni kuwafungulia mlango wahalifu na magaidi. Twajibu kwamba Mombasa imezika wahanga wa ugaidi, na hakuna hapa anayelifanyia jambo hilo mzaha. Lakini mwenye nia mbaya hununua karatasi. Anayeachwa bila karatasi ni maskini asiyeweza kununua. Usalama wa kweli ni kila mkaaji kujulikana na kuandikwa kwa haki. Mahakama Kuu, ilipotoa uamuzi kuhusu Huduma Namba tarehe 30 Januari 2020, ilitambua hatari ya watu wasio na hati kuachwa nje ya mfumo mpya. Kadi ikibadilishwa jina na kutiwa mitambo ya kisasa, huku masharti ya kuipata yakibaki yale yale, aliyeachwa nje jana ataachwa nje leo kwa kasi zaidi.

Wapo wasemao: mageuzi kwanza, mambo ya wanawake baadaye. Neno hilo tulilisikia tangu mwanzo wa miaka ya tisini. Tuwakumbushe. Februari 1992 wanawake kutoka pande zote za nchi walikutana Nairobi katika mkutano wao wa kitaifa ili wajadili nafasi yao katika Kenya ya vyama vingi. Mwezi huo huo kina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walikaa Uhuru Park wakafunga kula. Walipopigwa na kutawanywa, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwafungulia mlango, wakakaa humo kwa miezi mingi mpaka wana wao wakaanza kuachiliwa. Hawakuulizwa cheti cha kuthibitisha kwamba ni mama wa wale vijana. Neno lao liliaminiwa, na kwa neno hilo harakati zetu zilipata nguvu mbele ya dunia nzima. Iweje leo neno la mama wa Kipemba au wa Frere Town lisitoshe?

Wapo pia wasemao kwamba mila za jamii ndogo haziruhusu wanawake kusimama mbele za watu, na kwamba tukiwasukuma tutazivunja jamii zenyewe. Pwani hii ilimwona Mekatilili wa Menza mwaka 1913 akiwakusanya Wagiriama, wazee kwa vijana, kuipinga kodi na kazi za kulazimishwa. Mila ilimpa jukwaa. Aliyemnyang'anya ni mkoloni, aliyemkamata na kumpeleka mbali.

NA SISI WA KANISA JE?

Tuligeuzie kanisa neno la mwisho, kwa maana twaandika kwa waumini.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, twasoma habari za binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa bila kuacha mwana wa kiume, na jina lake lilikuwa karibu kufutwa katika orodha ya wenye haki ya urithi. Hawakunung'unika hemani. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai. Musa hakuwafukuza wala hakuwaambia walete karatasi. Aliipeleka hoja yao mbele za Mungu, na jibu lilikuwa kwamba wamesema kweli, na sheria ikabadilishwa kwa ajili yao na wote watakaofuata.

Basi kazi yetu ni hiyo ya kuipeleka hoja mbele. Tena kanisa lina kitu ambacho Serikali haina. Lina vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Mahali ambapo mkoloni hakumwandika mwanamke, mara nyingi mchungaji au padre alimwandika: jina lake, jina la mama yake, kijiji, tarehe. Cheti cha ubatizo hukubaliwa kama ushahidi wa kusaidia pale mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa. Vitabu hivyo vimefungiwa makabatini, vingine vinaliwa na mchwa, ilhali uraia wa watu umo ndani yake.

Najua, msomaji mmoja atasema, Wapemba ni Waislamu, na Wadigo walio wengi ni Waislamu. Wana wenyewe. Ndugu yetu, uwanja wa kanisa la Likoni mwaka 1997 ulipojaa, waliokimbilia humo walikuwa na njaa ya namna moja. Misikiti nayo ina kumbukumbu za ndoa, na makadhi wana madaftari yao. Tushirikiane. Haki ikigawanywa kwa dini hugeuka kuwa upendeleo.

TUNALOTAKA

Kwa hiyo, baada ya kuyatafakari hayo yote, twatoa mapendekezo haya:

Kwanza, kiapo cha mama, pamoja na ushahidi wa majirani wawili au wa mkunga, kiwe na uzito sawa na hati za baba katika kuomba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Hilo liandikwe katika kanuni, lisiachwe kwa huruma ya karani.

Pili, masharti ya ziada kwa jamii fulani yafutwe kwa sheria ya Bunge. Na mtu yeyote atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kama ibara ya 47 ya Katiba inavyoagiza, ili apate pa kukatia rufani.

Tatu, maofisa wa kuandikisha watu waende waliko wanawake, katika mialo ya samaki, sokoni, na katika vijiji vya pembezoni kama Mwakirunge na Shika Adabu, kwa siku na saa ambazo mama aweza kufika. Nauli ya kwenda ofisini mara tano ni ada isiyoandikwa.

Nne, kamati yoyote inayothibitisha wanajamii iwe na wanawake wasiopungua thuluthi moja, tena wateuliwe na wanawake wenyewe.

Tano, kila chama kinachotaka kura za Likoni, Kisauni na Changamwe kitangaze mapema orodha yake ya viti maalumu, na kionyeshe ni mwanamke gani wa jamii gani ndogo aliye katika nafasi ya juu ya orodha hiyo. Asiyeonyesha tumwulize hadharani.

Sita, makanisa yafungue vitabu vyake. Kila parokia na kila usharika uteue watu wawili, mmoja wao mwanamke, wa kutafuta kumbukumbu, kujaza fomu na kuwasindikiza kina mama ofisini. Jumuiya ndogo ndogo, Umoja wa Akina Mama na vikundi vingine vya wanawake vina mikono ya kutosha kwa kazi hiyo.

Ndugu wasomaji, uchaguzi mkuu kwa kalenda ya Katiba ni Agosti 2027, na daftari la wapiga kura hufungwa kabla ya siku hiyo. Cheti cha kuzaliwa kinachoombwa kwa kuchelewa huchukua muda, na kitambulisho huchukua muda mwingine juu yake. Anayengoja kampeni zianze amechelewa. Twaomba kila msomaji wa gazeti hili, kabla ya mwezi huu kwisha, aulize katika mtaa wake jambo moja tu: ni mama yupi hapa hana kitambulisho, na kwa nini? Majina hayo, kwa idhini ya wenyewe, yapelekwe parokiani, msikitini, au kwa vikundi vya msaada wa kisheria. Tuanze na jirani wa mlango wa pili.